Mtumishi asiwe wa mwisho kulijua deni lake

Kila mwisho wa mwezi, nje ya matawi ya benki ya Mwanjelwa mjini Mbeya, Tukuyu, Mafinga na Iringa mjini, hukusanyika watumishi wa umma ambao hesabu ya mshahara wao wanaijua kwa moyo kabla hawajaugusa. Wanajua kodi imekula kiasi gani, mfuko wa hifadhi ya jamii umechukua kiasi gani, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekata asilimia 15 yake, na benki imeondoa rejesho lake. Hati ya mshahara huisoma mstari kwa mstari, na zikipungua shilingi elfu mbili watazifuata mpaka mezani kwa mhasibu wa halmashauri. Lakini iko hati nyingine, yenye jina la mtumishi huyo huyo, ambayo wengi hawajapata kuiona hata mara moja katika maisha yao ya kazi. Hiyo ndiyo anayoisoma mkopeshaji kabla ya kusema ndiyo au hapana. Ni taarifa ya mikopo.

Jambo hili si geni tena nchini. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006 iliweka msingi wa kutunza kumbukumbu za wakopaji; kanuni zake zikatoka mwaka 2012, na mwaka 2013 Benki Kuu ikatoa leseni kwa kampuni mbili za kwanza za kazi hiyo, Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet. Benki na taasisi za fedha hutakiwa kupeleka habari za mikopo yote waliyoitoa: nani amekopa, amekopa kiasi gani, amebakiza kiasi gani, na amechelewa siku ngapi. Habari hizo huwekwa katika kanzidata ya Benki Kuu, na kampuni zenye leseni huzipanga zikawa taarifa inayosomeka. Mwisho wa taarifa huwekwa alama, ambayo ni hesabu ya kukisia kama mwenye jina hilo atalipa au hatalipa. Alama haisemi kama mtu ni mwema au mwovu. Inasema tu jinsi madeni yake yalivyolipwa, kwa kadiri yalivyoandikwa. Na maneno hayo ya mwisho, kwa kadiri yalivyoandikwa, ndiyo yanayostahili kumkosesha usingizi kila mtumishi ambaye hajapata kuuliza kilichoandikwa.

Kwa nini kuwe na kumbukumbu za namna hii? Wako wanaoziona kuwa ni mtego wa mabenki wa kuwabana wanyonge. Wanaosema hivyo wasahau kwanza kadi na mashine, wakumbuke mashamba. Katika miaka ya 1970 na 1980, mbolea na mbegu bora zilifika katika vijiji vingi vya Iringa na Mbeya kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo Vijijini, iliyoanzishwa mwaka 1971 na ambayo mwaka 1984 iligeuzwa kuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, yaani CRDB ya kwanza. Mkopaji wakati huo alikuwa kijiji. Mzee aliyevuna magunia yake akalipa sehemu yake yote, na jirani yake aliyeuza mahindi usiku kwa walanguzi asilipe kitu, wote wawili walikuwa na jina moja mbele ya benki, nalo ni jina la kijiji chenye deni. Msimu uliofuata kijiji kikinyimwa mbolea, waliadhibiwa wote sawasawa. Uaminifu wa mtu mmoja haukuwa na mahali pa kuandikwa. Kumbukumbu za mkopaji mmoja mmoja, pamoja na kasoro zake zote, zimempa mwaminifu mahali hapo.

Benki nazo zina sababu zao, na si zote za uchoyo. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa chechefu. Katika mwaka 2017 na 2018 mikopo chechefu ilipita asilimia 10 ya mikopo yote ya mabenki nchini, ambapo Benki Kuu ilitaka isizidi asilimia 5. Ikachukua miaka kadhaa ya kubana na kufuatilia mpaka mwishoni mwa mwaka 2023 ilipokuwa imeshuka chini ya kiwango hicho. Watu wa Nyanda za Juu Kusini hawahitaji kutafutiwa mfano wa mbali. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano ndogo kwa upungufu wa mtaji, na Benki ya Wananchi Njombe ikawa miongoni mwake. Njombe ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, na benki hiyo ilikuwa ya wenyeji. Haingekuwa haki kuwatupia wakopaji lawama yote ya kuanguka kwake. Lakini benki ndogo ya wananchi haina kitambi cha kuishi nacho wakati wa njaa. Shilingi isiyorudi ni mtaji uliopotea, na mtaji huo ulitoka katika mifuko ya jirani za mkopaji.

Sasa lije suala la mtumishi mwenyewe. Liko wazo lililoota mizizi katika maofisi na vyumba vya walimu kwamba mtumishi wa umma hana haja ya kuhangaika na kumbukumbu hizi, kwa kuwa rejesho lake hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Deni, kwa mawazo hayo, ni shauri la mwajiri na benki. Mtumishi kazi yake ni kufundisha na kupokea kinachobaki. Wazo hili lina utulivu mwingi, nalo si kweli. Aliyeweka saini ni mtumishi. Jina lililoko katika kanzidata ni lake, si la mkurugenzi wa halmashauri. Makato yakikwama kwa sababu yoyote ile, iwe uhamisho, likizo bila malipo, masomo, kusimamishwa mshahara kwa uhakiki, au kustaafu, siku za kuchelewa huhesabiwa juu ya jina lake hata kama yeye hakuchelewesha kitu.

Mathalani, mwalimu wa Mbarali amekopa katika benki ya kwanza ili alime mpunga. Baada ya miaka miwili anakuja afisa mikopo wa benki ya pili, kijana mchangamfu mwenye fulana ya benki, anamwahidi kununua deni lake na kumwongezea fedha juu. Mwalimu anakubali. Benki ya pili inailipa benki ya kwanza kwa hesabu ya tarehe 20. Fedha zinaingia tarehe 27. Riba ya siku hizo saba inabaki, pengine shilingi 18,000. Hakuna anayemwambia mwalimu. Makato ya benki ya kwanza yamekwisha kuondolewa kwenye mshahara, kwa hiyo shilingi 18,000 hazina njia ya kulipwa. Mwalimu anahamishiwa Kilolo, anabadili namba ya simu, anasahau hata jina la afisa yule. Miaka minne baadaye anaomba mkopo wa kumalizia nyumba na anaambiwa ana deni chechefu. Kwa fedha isiyofika bei ya mfuko mmoja wa mbolea, mtu aliyekatwa kila mwezi bila kukosa kwa miaka sita ameandikwa pamoja na watoro.

Mkasa wa namna hiyo hautokani na uovu wa mtu. Unatokana na uzembe mdogo katika meza tatu tofauti, na dawa yake ilikuwa ni karatasi moja: barua ya benki ya kwanza inayosema deni limekwisha. Inashangaza jinsi mtumishi anavyotunza barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini na ya kupandishwa daraja katika faili lenye kamba, lakini barua ya kumaliza deni haidai. Anaona kwamba makato yakikoma kwenye hati ya mshahara, basi yamekwisha. Makato kukoma na deni kwisha ni mambo mawili.

Yako makosa mengine ambayo mtumishi hawezi kuyazuia ila anaweza kuyagundua. Katika shule moja ya Rungwe si ajabu kuwakuta akina Mwakyusa watatu na akina Mwaipopo wawili, na wote wawili wamebatizwa jina moja. Iringa nako akina Mgimwa, Kalinga na Sanga wamejaa kama mahindi ya Julai. (Karani akichoka, “Mwa” moja hufanana na nyingine.) Namba ya kitambulisho cha taifa imepunguza sana machafuko haya, lakini mikopo ya zamani iliandikwa kwa vitambulisho vya kila aina, na herufi moja iliyoruka inaweza kumvika mtu deni la binamu yake. Mwalimu anajua jambo hili kuliko mtumishi mwingine yeyote. Ni yeye anayewarudishia wanafunzi karatasi za mtihani na kuwaambia wajumlishe tena alama zao wenyewe, kwa kuwa hata mwalimu mwangalifu huweza kukosea kujumlisha. Hawezi kumtaka mtoto wa darasa la tano akague alama zake, halafu yeye akubali alama aliyopewa na kampuni asiyoijua, katika mtihani ambao hakujua kwamba anaufanya.

Ugumu wa suala hili katika mikoa hii unaongezwa na kilimo. Wengi wa watumishi wa Mbeya na Iringa ni wakulima pia. Wa Rungwe ana parachichi, wa Mbarali ana mpunga, wa Mufindi ana misindano, wa Isimani ana mahindi. Mche wa parachichi wa kubebesha hutaka miaka kama mitatu kabla ya kuzaa cha maana. Misindano hutaka zaidi ya 10 kabla ya kupasuliwa mbao. Rejesho la mkopo uliopanda miti hiyo huanza kukatwa mwezi unaofuata. Ni dhahiri kwamba mtu huyu atarudi kukopa kabla shamba halijamlipa, kwa palizi, kwa dawa, kwa ada ya mtoto. Kwake jina safi ni nyenzo ya kazi kama jembe. Likichafuka, mlango wa benki hufungwa, na mlango unaobaki wazi ni ule wa mkopeshaji wa mtaani.

Mkopeshaji huyo anajulikana kwa jina la kausha damu, na jina hilo alipewa na waliokaushwa. Huchukua kadi ya benki ya mtumishi pamoja na namba yake ya siri, na mwisho wa mwezi huenda kwenye mashine akajihudumia mwenyewe kwanza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kanuni zake za mwaka 2019 zilikuja kuwaweka wakopeshaji wadogo chini ya leseni na masharti, lakini wasio na leseni hawajaisha. Unyonyaji wao unafahamika vya kutosha. Lisilosemwa sana ni kwamba mtumishi anayemlipa kausha damu kwa uaminifu wa miaka mitatu hapati hata alama moja kwa uaminifu huo. Malipo yake hayakuandikwa popote ila katika daftari la kifuani la yule bwana. Siku akienda benki huonekana kama mtu asiyepata kulipa deni, na ilhali amelipa mara mbili ya alichokopa.

Simu nazo zimeleta mlango wa tatu. Tangu M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, mkopo mdogo umekuwa jambo la kubonyeza namba, na wengi hawauhesabu kuwa ni mkopo. Lakini mkopo wa simu unaotolewa na benki ni mkopo wa benki, hata ukiwa shilingi 5,000, na laini ikitupwa deni halitupwi. Kuhusu programu za kukopesha zisizo na leseni, Benki Kuu ilitangaza Novemba 2024 orodha ya 69 kati ya hizo na kuzipiga marufuku. Aliyewahi kutumiwa ujumbe wa kudhalilishwa mbele ya mwalimu mkuu na wazazi wa wanafunzi wake haitaji kuelezwa kwa nini.

Watumishi wengi hukopa pia katika vyama vyao vya akiba na mikopo, na vyama hivyo vimewasitiri walimu wengi wa Mbeya na Iringa ambao benki zisingewatazama. Katika mkutano mkuu ujao wanachama wana haki ya kuuliza swali ambalo huulizwa kwa nadra: je, chama kinapeleka taarifa za wanachama wanaolipa vizuri, au kinapeleka za walioshindwa tu? Na udhamini nao utazamwe upya. Kumdhamini mwenzako ni jambo la utu, na maofisi yangekuwa makavu bila utu huo. Lakini mdhamini anayetia saini akiwa amesimama mlangoni, kalamu ya kuazima mkononi, bila kusoma kiasi wala muda, amejitwika deni linalosubiri. Mbaya zaidi ni yule anayekopa kwa jina lake fedha za shemeji. Shemeji akikwama, kumbukumbu hazina safu ya kuandika kwamba fedha hazikuwa zake.

Iko kanuni ya zamani ya utumishi kwamba makato yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Kanuni hii ni ngao, na wako watumishi wanaoitafutia tundu. Wakinyimwa benki kwa sababu theluthi imefikiwa, hukimbilia kwa kausha damu ambaye theluthi haimhusu. Siku hizi maombi ya mikopo ya watumishi hupitia katika mfumo wao wa huduma binafsi, ESS, na hilo limesaidia kuonyesha wazi kiasi kilichobaki cha kukopa. Hata hivyo mfumo wa mwajiri huonyesha makato. Hauonyeshi yale ambayo benki nyingine zimeandika pembeni.

Lingekuwa kosa kumwekea mtumishi mzigo huu wote peke yake. Katika matawi mengi, anayenyimwa mkopo huambiwa maneno mawili: mfumo umekataa. Maneno hayo ni urasimu uliovaa nguo mpya. Mfumo haukatai, mfumo umeonyesha kitu, na mwombaji ana haki ya kuambiwa ni kitu gani, kiliandikwa na nani na lini. Kanuni za mwaka 2012 zinampa mwenye jina haki ya kuiona taarifa yake na kuipinga palipo na kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeitilia nguvu haki hiyo. Meneja wa tawi anayemrudisha mwalimu Kilolo, nauli ya kwenda na kurudi ikiwa imekwisha, bila kumwambia deni lililomzuia ni la benki gani, hajamhudumia mtu huyo. Na benki inayokuwa nyepesi kupeleka jina la mdaiwa leo, lakini ikachukua miezi kupeleka habari kwamba amelipa, inaharibu kumbukumbu ambazo na yenyewe inazitegemea.

Aidha iko mipaka ambayo haifai kuvukwa. Nchini Kenya, ambako mfumo huu ulitangulia kushika kasi, waajiri wakazoea kuwadai wanaotafuta kazi cheti cha kuonyesha kuwa hawadaiwi, na mamilioni ya watu wakaandikwa kwa mikopo midogo ya simu. Novemba 2022 Benki Kuu ya huko ililazimika kuweka mpango wa kuwasafisha wakopaji wa simu wapatao milioni 4.2, kwa kuwataka wakopeshaji wasamehe nusu ya deni. Kumnyima kijana kazi kwa sababu anadaiwa ni kumnyima njia pekee ya kulipa. Kumbukumbu za wakopaji zilitengenezwa kwa ajili ya kukopeshana, na hapa nchini zibaki huko huko.

Msimu wa kupanda katika nyanda hizi huanza Novemba, na maombi ya mikopo ya mbolea hurundikana benki kuanzia Septemba. Mtumishi anayetaka kukopa msimu huo aombe taarifa yake mapema, Juni au Julai, wakati bado kuna muda wa kurekebisha. Aende kwa kampuni yenye leseni ya Benki Kuu, au aulize benki yake namna ya kuipata, akiwa na namba yake ya kitambulisho cha taifa. Akiipata, aikague kama anavyokagua hati ya mshahara: majina na namba, kila mkopo aliopata kuchukua, hata uliokwisha, salio, siku za kuchelewa, na mkopo wowote asioutambua. Akikuta kosa, aandike barua kwa benki iliyoleta habari hiyo na nakala kwa kampuni iliyotoa taarifa, aambatishe hati za mshahara za miezi inayohusika na barua ya kumaliza deni, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asipojibiwa, malalamiko hupelekwa Benki Kuu, ambayo ina tawi lake Mbeya mjini. Kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinataka lalamiko lianzie katika taasisi yenyewe, kwa hiyo asiyekuwa na nakala ile yenye muhuri atarudishwa kuanza upya, na wakati huo mvua za kwanza zitakuwa zimekwisha kunyesha.